Cheti cha Kuzaliwa cha Loyce

Guangzhou, China
20 Mei 2007

Mdogo wangu mpendwa Melania,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye mvua. Hii ni wiki ya pili inanyesha, lakini ndani ya nyumba tu wazima wote watatu: mimi, shemeji yako Thomas, na binti yako Loyce. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, kwamba goti la Mama limepoa, na kwamba Baba hajapanda tena juu ya paa kurekebisha mabati mwenyewe. Nakupongeza tena kwa kumaliza uuguzi. Niliposoma kwamba umepangiwa kituo cha afya huko Muleba, tena na nyumba ya vyumba viwili, nilimsomea Thomas kwa sauti mara mbili.

Najua umengoja majibu tangu Januari. Nisamehe kwanza kwa hilo, mengine yatafuata. Uliniomba nikueleze maisha ya mtoto huku yalivyo, anakula nini, analala wapi, anasoma wapi. Acha nianzie hapo.

Bado tunakaa karibu na chuo cha Thomas, ghorofa ya sita, na lifti hakuna. Ukihamia nyumba mpya huku, jambo la kwanza si kupanga vitanda, ni kwenda polisi kuandikishwa, wewe na kila mtu wa nyumba yako. Mwenye nyumba wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alitusindikiza mwenyewe. Akajibu maswali yote kwa niaba yetu, hata umri wangu akaupunguza. Gesi huletwa na mzee wa baiskeli, anapandisha mtungi begani mpaka juu bila kupumzika. Machi na Aprili kuta zinatoka jasho. Sikutanii: ukipitisha kidole ukutani maji yanatiririka. Nguo za Loyce huwa nazikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, na viatu vyangu vya kanisani viliota ukungu wa kijani.

Unga wa ugali tunaupata kwa Françoise, mama mfanyabiashara wa Lubumbashi anayepakia makontena ya jinzi kutoka Xintang. Ndugu zake wakija humbebea unga kwenye mabegi. Mimi humsindikiza mtaa wa maduka wa Yide Lu kununua madaftari na kalamu za maduka yake, namtafsiria, naye hunigawia. Wakati wa Pasaka tulikwenda na Loyce. Mwenye duka alipotaja bei, kabla sijafungua mdomo, mtoto alikunja uso akasema, "Tai gui le!" yaani ghali mno, kwa sauti ileile ya kina mama wa sokoni hapa. Yule bwana alicheka mpaka akapunguza. Françoise akasema, "Eh, Mama Loyce, huyu mtoto wako nitamwandika kazi." Huku wote wananiita hivyo, Mama Loyce.

Chekechea iko mtaa wa pili. Anaingia saa mbili, anatoka saa kumi na moja. Anakunywa maji ya moto kama Wachina wenyewe. Ukimpa ya baridi anakuuliza kama unataka augue. Samaki anamla kwa vijiti na kupanga miiba pembeni ya sahani, mmoja mmoja. Leo asubuhi nimempima kwa ajili ya barua hii: ana sentimita mia moja na kumi na nane. Jino la mbele la chini limeng'oka wiki iliyopita. Kidevuni ana kovu dogo, alianguka kwenye ngazi mwaka juzi. Sikukuandikia habari ya kovu hilo, na ningeweza kukuandikia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu najijua. Ningesema nusu, halafu ningesingizia mtandao.

Jumanne iliyopita nilikwenda na Loyce kuongeza muda wa vibali vyetu vya kuishi. Thomas alikuwa chuoni na msimamizi wake. Safari zilizopita alikwenda yeye na makaratasi, mimi nikabaki nyumbani na mtoto. Dirishani alikuwepo dada mmoja kijana, mwenye miwani, mpole. Akachukua pasipoti zetu, akachukua cheti cha kuzaliwa cha Loyce na tafsiri yake, akavisoma polepole. Pasipoti ya mtoto ina jina la marehemu baba yake, Agustino. Cheti kina jina lako. Jina langu halipo popote. Akaniuliza mimi ni nani wa mtoto huyu.

Kichina changu ni cha kununulia samaki, lakini swali hilo nililielewa vizuri. Na Kichina hakikupi pa kujificha, maana dada mkubwa wa mama ana neno lake, dayi, na halichanganyiki hata kidogo na neno la mama. Neno hilo nalijua. Nilishindwa kulitamka. Karatasi ya mahakama iliyonifanya mlezi ilikuwemo mkobani mwangu, imekunjwa vizuri, na mkono ukakataa kuitoa. Nikabaki natabasamu kama mtu asiyesikia.

Yule dada akainama kidogo, akamwonyesha Loyce jina lako kwenye tafsiri, akamuuliza kama anajua Melania ni nani.

Loyce alijibu palepale, bila kunitazama. Alisema, "Ni mama yangu. Yule ambaye akipiga simu mimi huwa nimelala."

Yule dada hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akasema taratibu kwamba kama kuna karatasi ya ulezi, tuilete. Nikaitoa.

Melania, hakuwa amelala. Ulipokuwa ukipiga saa nane mchana, ukitoka darasani, huku ilikuwa saa moja jioni. Tulikuwa mezani. Mara nyingi alikuwa ameketi mbele yangu na kijiko mkononi, nami nikakuambia huku ni usiku mwingi, mtoto kalala zamani, tusimwamshe. Uliniamini kwa sababu ni mimi. Mwezi uliofuata ukanunua vocha nyingine.

Mwanzoni nilikuwa na sababu. Tulipofika, kila alipoisikia sauti yako alilia siku mbili na kupandwa na homa, nami nilikuwa peke yangu naye, Thomas yuko maabara, hata kumweleza daktari mtoto ana nini siwezi. Nikasema nimpumzishe kidogo. Homa zikaisha, mimi sikuacha. Mwaka mzima wa kwanza mtu pekee niliyezungumza naye kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa yeye. Chekechea walipoandika jina langu penye nafasi ya mama, nilinyamaza. Kwetu mama mkubwa naye huitwa mama, kwa hiyo nikajiambia sijadanganya mtu. Barua yako ya Januari, ya kusema umepata nyumba na sasa unamtaka mwanao, niliiweka chini ya godoro nikingoja ubadili mawazo. Thomas amenihimiza nikujibu kila Jumapili. Usimlaumu yeye.

Tulipotoka ofisini mvua ilikuwa imekatika. Nilimkalisha Loyce kwenye ngazi za nje, nikamuuliza alijuaje kwamba anayepiga ni mama yake. Akasema ananisikia nikitaja jina lako, tena anaikumbuka kanga yako ya njano. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuomba simu. Akanishangaa. Akasema, "Si unasema nimelala? Ukisema hivyo huwa nafumba macho."

Miezi mingapi nimemwona akifumba macho mezani, nikadhani anachezea chakula!

Nikamwambia yote pale pale, watu wakitupita na makaratasi yao. Nilimwambia, "Mama yako ni Melania, alikuleta kwangu ili apate kusoma, hakukuacha, na kila mwezi alikuwa anakutafuta. Mimi ni dada yake, na niliyesema uongo ni mimi." Alisikiliza huku akibandua rangi ya kitasa cha mkoba wangu. Kisha akauliza kitu kimoja tu: kama utamkasirikia kwa kulala sana.

Nilimjibu hapana. Nilimjibu kwa niaba yako bila idhini yako, na hilo ndilo jibu pekee ninaloomba usilibadilishe. Mengine yote ni yako kuamua.

Tangu siku hiyo ananiita Mama Pina. Jina hilo kalichagua mwenyewe, wala sikumwambia. Siku ya kwanza niliingia jikoni nikafungua bomba, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tiketi tumekwisha kata. Tunaondoka tarehe 14 Julai, mimi na yeye, kupitia Dubai, halafu Dar, na Mwanza tutafika tarehe 16 asubuhi. Thomas atabaki mpaka atetee tasnifu yake Desemba. Nitakuja na kadi yake ya chanjo na madaftari yake ya chekechea. Kiswahili chake kina mashimo. Anapokosa neno anaweka la Kichina na kuendelea, usimcheke. Anapenda ndizi, hilo halijabadilika. Usiku anapenda mlango uachwe wazi kiasi cha kuingia mkono. Kama ukipiga kabla barua haijafika, simu atapokea yeye. Nimemwonyesha kitufe.

Mama usimwambie habari hii kwa niaba yangu. Nitamwambia mwenyewe nikifika, niketi mbele yake. Msalimie sana, msalimie Baba, na majirani wote wanaoniuliza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Tukishuka Mwanza utaniona mbali, na najua utakuwa na ya kuniambia, nami nitayasikiliza yote. Lakini mpokee mtoto kwanza. Mimi nitangoja na mizigo.

Ni mimi dada yako,
Agripina