Noti Niliyomtuza Nasreen

Rooty Hill, Sydney

Kwako mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa bibi yako, zikukute mzima. Kifua cha bibi kimepoa? Dawa anakunywa, au anazificha chini ya mto kama kawaida yake? Mimi ni mzima, sema mwili umechoka. Magoti yananiuma, na baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Wewe unasema unataka kuimba taarab, mimi nasema hapana, kisha kila mtu ananuna. Karatasi itanisikiliza mpaka mwisho.

Yule mzee wa Kipakistani ninayemhudumia nyumbani kwake mtaa wa Lidcombe, Mzee Siraj, akili yake inazidi kupotea. Nikimwogesha ananiita kwa jina la dada yake. Lakini mashairi ya Kiurdu, ya washairi waliokufa zamani sana, hayo hayajamtoka. Ujanani alikuwa mwimbaji wa ghazal, ndizo nyimbo zao zinazoimbwa kwa mashairi hayo. Hutoa mstari mmoja, akakwama wa pili, na binti yake Nasreen humalizia kutoka jikoni. Nasreen ni mtu mzima, mvi zimeanza, na sauti anayo kumshinda baba yake. Lakini mzee alimkataza tangu usichana kuimba mbele ya watu. Jikoni tu ndiko alikoimbia.

Jumapili moja walialika wageni. Shuka nyeupe zikatandikwa sebuleni, viatu nje, mwimbaji katikati na kinanda chake kidogo cha mkono. Mimi nilikaa nyuma karibu na mzee, nimshike asianguke. Nilipenda namna yao. Mwimbaji anatoa nusu ya ubeti, anairudia, anaizungusha, na wote wanaingoja nusu ya pili kama watu wanaongoja maji ya bomba. Ikija, wanaguna, "Wah, wah," naye anairudia tena. Na ubeti wa mwisho mshairi anajitaja jina, kama malenga wetu. Sikuelewa hata neno, lakini uchovu wa wiki nzima ulinishuka mabegani.

Mara mzee akanyoosha kidole, akasema kwa Kizungu. "Nasreen, imba wewe."

Watu wakatazamana. "Mimi, baba?"

"Kwani hapa yuko Nasreen mwingine?"

Wakacheka. Nasreen akaketi, akatengeneza mtandio wake kichwani, akaimba.

Zuhura, sijui nikwambieje. Miguu iliinuka yenyewe. Nikatoa noti kifuani, nikaenda nikiyumba polepole kama tunavyokwenda kutuza kwenye harusi zetu, nikaipunga juu ya kichwa chake, nikamwekea mapajani.

Nasreen akakata wimbo katikati ya ubeti. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Kumbe kwao mwanamke anayepewa pesa namna ile akiimba ni yule wa majumba ya walevi. Mzee akaitazama ile noti muda mrefu, uso ukambadilika. Akasema maneno machache kwa lugha yao, na Nasreen akainuka akaenda jikoni.

Nikamfuata. Nikamwomba radhi mpaka Kizungu changu kikaniishia.

"Hukujua, Mama Zuhura," akasema. "Baba alikuwa amesahau kwamba alinikataza. Ndiyo maana aliniita. Sasa amekumbuka."

"Amesemaje?"

"Amesema, nilikwambia watakufanyia hivi."

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamweleza habari zako, kwamba na mimi nimekukataza taarab kwa ajili ya noti hizo hizo, namna wanaume wanavyowapachika waimbaji mwilini.

"Basi wewe na baba mkae pamoja," akasema. "Mtaelewana bila mkalimani." Akacheka kidogo, akaanza kuosha vikombe.

Tangu siku hiyo nawaza. Noti ile sikuitoa kwa dharau, Mungu shahidi. Niliitoa kwa sababu sauti yake iliniinua, mimi niliyechoka hivi. Na miaka yote nikikwambia noti ni aibu, mwenyewe sikukosa harusi ya kwenda kutuza. Hilo sikuwahi kulitazama.

Mzee hajamwita tena. Nasreen naye hamalizii mistari yake; mzee akikwama, anakwama hapo hapo, nami nimeshika taulo sina la kumsaidia. Inaniuma, maana ni mkono wangu. Yule binti amengoja mpaka mvi, mpaka baba yake asahau, akapata nusu ya wimbo.

Sitaki uningoje hivyo, mwanangu. Nenda kaimbe. Hofu nitakuwa nayo tu, hiyo niachie mimi. Lakini nenda na mama yako mdogo Saida, urudi naye, na usipande gari la mtu usiyemjua.

Nisalimie bibi, mwambie dawa ni za kunywa. Msalimie Saida, mdogo wangu, na mjomba wako fundi cherehani, na jirani yetu anayewachotea maji.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza nikiinuka na nikikaa,

Mama Zuhura