Mkungu Mmoja wa Ndizi

Jumatano, Septemba 1950

Mkanda wa ngozi umenichubua paja tena, lakini leo siulalamikii.

Ule mguu wa mbao niliorudi nao kutoka vita vya Burma ulikuwa unazama kwenye tope kama mchi. Huu mpya wa Nairobi ni wa aluminiamu, mwepesi kama sufuria, na goti lake linakunjika. Nimeupigilia mpira wa tairi kwenye unyayo ili usiteleze mlimani.

Leo tulisafisha mfereji wa kumwagilia kahawa. Anayechelewa hutozwa mkungu wa ndizi. Mimi tangu nirudi vitani sijatozwa, hata nisipofika. Mzee Mbise, msimamizi wa mfereji, huniambia tu, "Wewe kaa kivulini, mwanangu."

Leo kufunga mikanda kulinichelewesha. Nikashuka mferejini na jembe, nikachimba na wenzangu mpaka mwisho. Nilipopanda, Mzee alinijia.

"Baba Elia, ulichelewa. Mkungu mmoja."

Watu wote wakageuka.

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Tope la masika yajayo linanitia hofu, na hili paja likifanya kidonda...

Kesho nitakata mkungu mkubwa kuliko yote shambani. Nitaubeba mwenyewe.