Maharage ya Katikati ya Visiki

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua hukupenda mtu afanye jambo akiwa na hasira. Ulikuwa ukisema mwenye hasira asishike msumeno. Basi leo nimeshika kalamu tu, nivumilie.

Nimeacha kwenda ofisini. Ile ofisi ya kutoa mizigo forodhani pale Tunduma, uliyowatangazia washarika wa Iyula nzima kwamba mwanao yumo. Miaka miwili na zaidi nimejaza nyaraka za malori ya shaba na ya mbolea, nimebembeleza madereva waliochoka na foleni, nimekimbia na mafaili kwenda mpakani na kurudi mpaka soli za viatu zikaachia. Mwaka huu bosi akamleta mpwa wake, binti aliyemaliza chuo juzijuzi, akaniambia, "Dada Tabitha, mfundishe huyu kazi." Nikamfundisha kwa moyo mweupe. Alipoiva akapewa mkataba, na mimi nikaombwa nihamishe kiti changu karibu na mlango ili yeye akae dirishani.

Nilipouliza, bosi alicheka. "Mvumilivu hula mbivu, dada. Uwe na mtazamo chanya."

Mbivu zimeshaliwa na mpwa wake, halafu mimi ndiye naambiwa nitabasamu! Baba, nimechoka na huo mtazamo chanya. Kila anayekukalia shingoni anakuambia uwe nao. Nilihudhuria semina ya vijana wanaotafuta kazi, msemaji akiwa na suti ya kung'aa, akatuambia kila asubuhi tusimame mbele ya kioo tuseme, "Mimi ni mshindi." Kioo changu kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, nikisema "mimi ni mshindi" naona pua tu. Nilisema hivyo mwezi mzima. Usingizi ulionipotea haukurudi, na kila simu ilipolia bado nilishtuka.

Lakini hasira yangu si kwa bosi peke yake. Kuna na kosa langu, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Unakumbuka mwaka uliotaka kukata visiki, miti ya kahawa ibaki shina fupi ichipue upya? Mikahawa ya babu ilikuwa imezeeka, inazaa punje za kuhesabu. Ulipanga kukata theluthi ya shamba tu, kama mkulima yeyote wa Mbozi mwenye akili zake, kwa sababu mkahawa ukishakatwa unakaa misimu miwili haujakupa kitu, na nyumba lazima ile. Ulinionyesha mstari wa kwanza kabla sijaenda Tunduma kupeleka barua zangu za maombi. "Kata mshazari, Mama," uliniambia, maana nina jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine. "Maji ya mvua yateremke. Yakituama juu ya kisiki, kinaoza."

Siku mbili baadaye nikakupigia simu. "Baba, nimepata! Naanza Jumatatu."

Ulipiga yowe, mama akakimbia kutoka jikoni akidhani umejikata mguu. Nilisikia yote kwenye simu, nikacheka mpaka machozi. Na sikusema lile neno moja nililoambiwa mezani kwa bosi, kwamba ni kujitolea kwanza, malipo tutaangalia mbele ya safari. Nilisema moyoni, mwezi mmoja tu, watanipa mkataba, hakuna haja ya kumharibia mzee furaha. Nilikuwa na aibu, Baba. Shule ulinisomesha kwa kahawa hiyohiyo, nikuambieje kwamba nimekwenda kufanya kazi ya bure?

Wewe ukarudi shambani ukakata lote. Mstari kwa mstari, mpaka kule kwenye mpaka wa jirani. Majirani walikuuliza kama umerogwa. Uliwajibu, "Mama ameanza kazi, tutakula mshahara wakati kahawa inapumzika." Mama aliponisimulia kwenye simu, nilikata simu nikarudi ndani kujaza nyaraka za watu. Hata hapo sikusema.

Mwezi wa nne ulikuja Tunduma kuniona, na gunia dogo la maharage begani. Ulikuwa umeyapanda katikati ya visiki, ambako sasa jua lilikuwa likifika. Ulikaa kitandani kwangu maana kiti hakikuwepo, ukatazama chumba nilichokilipia kwa vijisenti vya madereva, ukatazama mkono wangu uliobaki mifupa. Nilijiandaa kwa maswali, uongo ninao mdomoni tayari. Ukasema tu, "Usile maharage ya dukani wakati ya kwenu yapo." Tukayapika, tukala, ukapanda basi ukaondoka. Kuanzia siku hiyo kila mwezi kifurushi cha maharage kilishushwa stendi kwa jina langu. Nilikuwa nakereka, nakiri. Niliona unanifanya mtoto.

Ulifariki msimu wa mvua uliofuata, machipukizi yakiwa yamefika kiunoni. Msibani nilimsikia mzee mmoja akisema nyuma ya turubai, "Alikata shamba lote kwa ajili ya msomi wake." Nililibeba hilo neno mwaka mzima. Ndilo lililonirudisha kwa bosi baada ya matanga, ndilo lililonifanya nivumilie upuuzi ule. Nilijiambia siwezi kuacha, shamba la baba limekatwa kwa ajili ya kiti hiki.

Sasa niko nyumbani. Kahawa imerudi, Baba. Nyekundu mpaka matawi yameinama. Siku ya tatu ya kuchuma, ndoo ikiwa imejaa nusu, nilimwambia mama yote: kujitolea, simu ile, uongo wangu. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama hakuacha hata kuchuma.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba hawakulipi. Dereva mmoja wa Ihanda alimwambia, Krismasi ile ya kwanza. Alikasirika huyo! Alitaka kwenda kumkaba bosi wako. Nikamwambia ukifanya hivyo utamwaibisha mtoto. Akashinda shambani siku mbili, akarudi akaniambia, basi yeye afanye kazi, sisi tumlishe."

Kumbe ule mfuko wa maharage kila mwezi ndio uliokuwa mshahara wangu, na mimi nilikuwa nakereka nao.

Nimekukasirikia na wewe pia, nisikufiche. Kwa nini hukusema? Tungegombana, tungelia, tungekula hayo maharage pamoja tukiwatukana watu wa ofisi. Badala yake tulifichana, wewe huku na mimi kule, kila mmoja akimlinda mwenzake, na maji yakatuama juu ya visiki vyote viwili.

Kazi bado natafuta. Jumatatu asubuhi naandika barua za maombi, nazituma, kisha simu naiacha kwa mama jikoni na kushika ndoo. Wanaonijibu kuhusu kujitolea nawauliza mkataba uko wapi. Usingizi umeanza kurudi, si kwa sababu ya kioo, ni kwa sababu hakuna tena ninayemdanganya. Siku nyingine naamka nimenuna, nanuna mpaka saa nne, halafu inapita. Ijumaa iliyopita bosi alipiga, eti mpwa wake amekwama na nyaraka za malori sita, niende nisaidie kidogo kama dada. Mama alinipa simu huku akinikodolea macho. Nilimwambia bosi kwamba niko shambani, na kwamba kwetu anayechuma hulipwa siku hiyohiyo. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya mavuno nitakata mistari michache ya upande wa juu, ile uliyoikata haraka bila mshazari siku ya simu yangu, visiki vikaanza kuoza. Nitakata mshazari. Katikati nitapanda maharage.

Tulia huko uliko. Hukuniuliza hata siku moja nalipwa kiasi gani, ukaondoka bila kuniuliza. Nakujibu leo: sikulipwa, Baba. Nilikudanganya, na ukanilisha.

Ni mimi mwanao,
uliyemwita Mama.