Maneno ya Mzee Ng'wandu

Uholanzi, Jumapili asubuhi

Baba,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri na mguu hauumi kama ulivyouma wakati wa palizi. Na mama, mayu wetu, je, presha imeshuka? Dada Kabula aliniambia mvua zilichelewa ila mtama umesimama. Mimi mwili ni mzima, nakula na kazini naenda. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Kwenye simu nilikudanganya. Uliponiuliza, "Minza, hayo maneno ya Ng'wandu umeyatoa wewe?" nikasema sielewi unachozungumzia, halafu nikasingizia mtandao. Nilielewa, baba. Nilikuwa nimeshajua kwa wiki mbili.

Nianze mwanzo, maana kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri, na najua hapo nyumbani watu hudhani niko ubalozini. Ninachunguza jinsi mataifa makubwa, hasa Marekani na China, yanavyoshindania nchi kama yetu, na sisi wadogo tunavyowajibu. Wenzangu wengi huenda kuwauliza mawaziri. Mimi nilitaka kuwauliza wakulima wa pamba, kwa sababu nilikumbuka wageni walivyokuwa wakija kijijini kwetu, hawa leo, wale wiki ijayo, kila kundi likitaka kujua wenzao wamesema nini.

Ndipo mwaka jana ukanipeleka kwa Mzee Ng'wandu, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba na wageni wote hupitia kwake. Alikuwa anasita. Wewe ukamwambia, "Huyu ni mwanangu. Sema naye kama unavyosema na mimi." Akafunguka. Unakumbuka alivyosema: "Wachina nikiwaambia Wamarekani wametaja kisima, kesho yake wanaleta mtu wa kupima maji. Wamarekani nikiwaambia Wachina wamepima, wanauliza tunataka kirefu kiasi gani. Sijamdanganya mtu. Nawaacha wasikilizane kupitia kwangu." Ulicheka mpaka ukakohoa. Halafu akafunika kinasa sauti kwa kiganja na kusema hayo yabaki humo ndani. Nikamwahidi mbele yako.

Niliporudi huku nilimweleza Profesa Hanneke, msimamizi wangu. Ndiye aliyenisomesha, akanitafutia nafasi katika taasisi hii, na mwaka ule nilipougua mapafu alikuwa ananiletea supu hospitalini. Nilimwamini kama ninavyomwamini Kabula. Na niseme ukweli, nilimweleza pia kwa kujivuna, ili aone nimepata kitu ambacho wengine hawana. Nikamwambia hayatumiki. Akasema, "Bila shaka."

Ripoti ya utafiti wetu ilitoka kwa jina lake peke yake. Mimi niliijua baada ya mwenzangu mmoja kunisimamisha kwenye korido na kusema, "Huyo mzee wenu wa kisima ni hodari kweli." Nilikwenda kuisoma nimesimama. Ukurasa wa kwanza kabisa: mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pamba, wilaya imetajwa, kijiji kimetajwa, na maneno yake yote, mpaka yale aliyoomba yabaki ndani.

Nikaingia ofisini kwa Profesa bila kubisha hodi.

"Uliniambia hayatumiki," nikasema.

"Jina lake sijaliandika, Minza."

"Mwenyekiti wa chama katika kijiji kile ni mmoja tu."

Aliendelea kupanga karatasi zake. Akasema, kwa upole kabisa, "Lakini huko kijijini nani ataisoma?"

Baba, hayo ndiyo yaliyonikata. Miaka yote ile nilidhani tunaandika kuhusu watu wenye akili zao. Kumbe kwake mlikuwa mfano tu. Na walioisoma si ninyi, ni wale wageni wa pande zote mbili, kazi yao ni kusoma ripoti kama hizi. Wiki mbili baadaye ukanipigia kusema wachimbaji wa kisima wamepakia mabomba yao na kuondoka, na kwamba ulipofika kwenye kituo cha kununulia pamba watu walinyamaza. Labda wangeondoka hata hivyo. Siwezi kuapa. Lakini Mzee Ng'wandu ndiye anayeulizwa maji yako wapi, na wewe ndiye uliyenipeleka kwake.

Nilimshtaki Profesa Hanneke kwa mkuu wa taasisi. Wakaniita kikaoni, wakanionyesha karatasi niliyosaini siku ya kwanza kazini, inayosema kila ninachorekodi ni mali ya mradi. Nilisaini bila kuisoma mpaka mwisho, kwa sababu yeye alikuwa amekaa pembeni yangu akitabasamu. Baadaye akanifuata nje na kusema tuandike kitabu pamoja, jina langu litakaa karibu na lake. Nikamjibu sitaki jina langu likae karibu na lake popote. Wameondoa jina la kijiji kwenye mtandao, lakini nakala za karatasi zimeshasambaa. Mkataba wangu hauongezwi. Mwisho wa mwezi ujao narudi.

Usihuzunike kwa ajili ya kazi. Chuo kimoja huko nyumbani kinatafuta mwalimu wa somo hili, nimeshaomba. Kinachonilemea ni ule uongo wa kwenye simu. Yeye alinigeuka mimi, nami nikakugeuka wewe kwa sentensi moja, kisa nilikuwa naona aibu.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu anayerudi Mwanza, ataiacha kwa Kabula pale Bariadi. Ukishaisoma, msomee mayu yote, usimruke mahali. Watu wakikuuliza, waambie ni mimi. Usinitetee.

Nisalimie mayu na bibi, mama yake, mwambie dawa ya macho naibeba. Msalimie mjomba aliyeko Lalago sokoni, na shemeji, mume wa Kabula, kwa kuwa najua ndiye anayekupeleka kliniki kwa pikipiki.

Mzee Ng'wandu usimpe salamu zangu. Hizo nitampelekea mwenyewe, hata kama hatanikaribisha kiti.

Mwanao,
Minza