Risasi za Bwana Gerald

Thornton Heath, London

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, maana mara ya mwisho nilikusikia ukikohoa hata ulipokuwa unacheka. Goti la mama je? Aliniambia ameacha kutembea na fimbo, lakini mama akisema amepona mimi humsubiri kaka Elibariki athibitishe. Mimi ni mzima. Baridi imeingia na kona ya dari imeota ukungu. Mwenye nyumba anasema nifungue dirisha. Nimemwelewa: nitetemeke mimi ili ukuta wake ukauke.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniambia nitulie, na sitaki kutulia kabla sijamaliza.

Unaijua kazi yangu ya wikiendi kwenye kiwanja cha shabaha, nje kidogo ya jiji. Navaa kizibao chekundu na kusimamia mstari. Mimi ndiye ninayesema pigeni, na mimi ndiye ninayesema acheni. Baadhi ya wanachama hutengeneza risasi zao nyumbani. Wanachukua ganda lililokwisha kupigwa, wanaweka kitakoni fataki mpya ya kuiwasha baruti, wanapima baruti kwenye mizani, wanakaza kichwa cha risasi juu yake. Halafu wanakuja kuzijaribu kwetu, wakianza na baruti kidogo na kulikagua ganda baada ya kila risasi, kama ulivyonionyesha mezani kwako ulipokuwa mtunza silaha za askari wa wanyamapori kule porini. Ni kazi ya heshima, inataka mtu mvumilivu.

Bwana Gerald si mtu huyo. Ni daktari wa meno mstaafu, mjumbe wa kamati ya klabu, na kwa maneno yake mwenyewe ni mtaalamu wa risasi. Nimemtazama miaka miwili sasa. Anapiga risasi ishirini kwenye karatasi moja, matundu yanatawanyika kama maharage yaliyomwagika, kisha anatafuta matatu yaliyokaribiana, anayazungushia kalamu, anayapima hayo tu, anapiga picha na kuwatumia wenzake. Yale kumi na saba sijui anadhani yametobolewa na nani. Ana daftari la jalada la ngozi, na ndani ni tupu. Siku moja nilimwuliza baruti anaweka kiasi gani. Akanijibu kwamba baada ya muda mkono unajua wenyewe. Mkono wa kung'olea meno, baba.

Sasa, yupo pia Mama Manjit. Ni Singasinga mzaliwa wa Nakuru, mjane, anakaa Southall, umri umeshapita sabini. Tulijuana siku aliponisikia nikinung'unika kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili, na tangu hapo hafiki bila kuniletea chai ya tangawizi kwenye chupa. Jicho lake la kushoto halioni tangu alipougua, kwa hiyo analenga kwa la kulia, na analenga kuliko wanaume wote pale. Risasi zake huzitengeneza mwenyewe, punje kwa punje.

Jumamosi moja tulikuwa na mashindano madogo. Mama Manjit alifungua mkoba akakuta boksi lake moja limebaki nyumbani. Bwana Gerald akampa la kwake, kwa kuwa bunduki zao ni za kipimo kimoja. Mama akapokea kwa adabu tu. Mimi sikuona, nilikuwa upande wa pili nikirekebisha bendera.

Risasi ya kwanza niliisikia tu, nikajua. Ililia kwa ukali kuliko zote. Nikageuka, nikamwona Mama Manjit anapambana na komeo linaloifungia risasi ndani ya bunduki, halifunguki, analipiga kwa kiganja. Nikaamuru wote waache. Tulipolifungua lile komeo na ganda kutoka, fataki ilikuwa bapa kabisa, ukingo wake umepotea, na kitako cha ganda kina alama inayong'aa pale kilipokandamizwa na chuma. Usingehitaji kuwepo, ungelijua hata kwa kulipapasa. Presha imezidi sana. Ya pili ingeweza kulipasua ganda na kumrudishia moto usoni, na uso wa mpigaji uko nyuma ya komeo palepale, pamoja na lile jicho moja.

Bwana Gerald alikuja anacheka. Akasema bunduki yake inazipiga bila shida, labda ya Mama ndiyo ina kasoro. Nikamwonyesha mashine ya kupima mwendo wa risasi, iliyosoma kasi ambayo hakuna kitabu kinachoikubali. Akasema mashine nazo hukosea. Kila kitu pale kilikuwa kimekosea isipokuwa yeye.

Meneja wetu, Colin, mtu anayeiogopa kamati kuliko anavyoiogopa baruti, akanivuta pembeni.

"Neema, ni risasi moja tu," akasema. "Tusiwaharibie watu siku."

Nikavua kizibao nikamwekea mezani. "Basi kivae wewe, useme pigeni."

Alikitazama kama kina upupu. Hakukigusa. Mashindano yakasimama.

Tukalipeleka lile boksi karakana. Fundi akang'oa vichwa kumi na kuipima baruti iliyomo. Hakuna ganda lililolingana na jingine. Halafu akaimwaga kwenye sahani nyeupe, na tukaona wazi punje za aina mbili, nyingine fupi, nyingine bapa. Bwana Gerald akaeleza, bila aibu yoyote, kwamba alikuwa na masalio ya baruti mbili tofauti kwenye makopo mawili, akayachanganya yasipotee. Mtu ambaye gari lake lina viti vinavyojipasha moto.

Kisha akamgeukia Mama Manjit, nikadhani hatimaye ataomba radhi. Akasema, "Bahati nzuri bunduki haijaharibika."

Mama akaniambia mimi, kwa Kiswahili, huku akimtabasamia yeye, "Huyu amekumbuka bunduki yangu tu. Jicho amelisahau."

Jioni Colin akaniletea karatasi iliyochapwa nitie sahihi. Iliita jambo lile hitilafu ndogo ya silaha. Ile kazi ninaihitaji, baba, sikufichi, na maneno yao yana nguvu kuliko yangu. Lakini silaha haikuwa na hitilafu. Nikamrudishia, nikafungua kitabu cha matukio, nikaandika yote: baruti, fataki, na jina la aliyetengeneza. Mama Manjit akaniomba kalamu. Chini ya sahihi yangu akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: NIMEONA. JICHO NI LANGU.

Kamati ikakaa. Ikampa Bwana Gerald barua ya ushauri, na keki zikaliwa. Bado ni mwanachama. Mimi sikufukuzwa wala sikushukuriwa.

Ila Jumamosi iliyofuata nilifika nikakuta watu wanne wamesimama mbele ya meza yangu na maboksi yao, kila mmoja ananiomba nimwangalizie risasi zake kabla hajapiga. Hakuna aliyewaagiza. Wa mwisho alikuwa Bwana Gerald, amelishika boksi lake kwa mikono miwili kama mgonjwa aliyeshika kadi ya kliniki. Nilimaliza na wote kwanza. Kisha nikafungua boksi, nikatazama, hamna kipimo cha baruti kilichoandikwa popote, nikamrudishia, nikamwambia azibomoe na kuanza upya kwa mizani.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

Akaenda.

Nisalimie mama, na umwambie fimbo aishike hadi nije mwenyewe kumwona anavyotembea. Msalimie kaka Elibariki na mkewe, shangazi mwenye duka la vitenge, na mjomba mwalimu, ambaye najua atasahihisha barua hii kabla hujamaliza kuisoma. Mama Manjit anakusalimu pia. Anasema aliyenifundisha kusoma ganda asingempa mtu risasi asiyoijua, na nimemwambia hajakosea.

Jikinge na vumbi, baba. Nabaki katika baraka zako,

Binti yako,
Neema