Nukta ya Upande wa Kushoto

Bondeni, Kyela
14 Mei 2024

Dada yangu Anyisile,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ikombe, wewe, shemeji Lazaro na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mama kimetulia. Mimi sijambo, ila mvua haitupi nafasi, na matope ya Bondeni yameshakula kandambili zangu. Najua utacheka.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii ya kukaa kutwa mbele ya kompyuta na kuiita kazi ya sanaa. Ngoja nikueleze. Mwalimu Sylvester, yule mchoraji aliyeniajiri, ana picha za kazi za wasanii wa huku ziwani wa miaka hii: vyungu vya maonyesho, vinyago, michoro, zaidi ya mia nane. Zilikuwa zimelala tu, hakuna anayezitazama. Mimi natengeneza namna ya kuzitazama. Kila kazi ni nukta kwenye skrini. Ukiigusa, picha inafunguka na jina la msanii linatokea. Ukitaka, nukta zinajipanga zenyewe kwa mwaka, kwa kijiji au kwa nakshi.

Hapo kwenye nakshi ndipo nilipojitia ujuzi. Nilitaka watu wauone mkono wa kila mfinyanzi, nikaiagiza kompyuta ipime mistari imelalia upande gani. Vyungu vya wenzako vyote vikaenda kulia. Vyako, kwa kuwa unatumia mkono wa kushoto, vikajikusanya peke yavyo upande wa pili. Mwalimu alifurahi, akasema hata bila jina angekujua. Kisha akauliza mbona katikati ya nukta zako kuna moja yenye jina langu. Nikamjibu kwamba ile picha imegeuzwa kama kwenye kioo, nikaisogeza mwenyewe hadi kulia. Aliniamini. Mimi ndiye niliyeshindwa kula siku mbili.

Dada, unakumbuka siku tuliyochoma vyungu viwili vikubwa vya maonyesho ya Mbeya, changu na chako, ukaondoka kwenda msibani Matema kabla majivu hayajapoa. Uliporudi nilikwambia chako kimepasuka motoni, na changu kimeshaondoka na mtumbwi. Si kweli. Kilichopasuka ni changu. Vigae nilivitupa ziwani usivione, nikapeleka chako kwa jina langu. Ndicho kilichopata zawadi, na zawadi ile ndiyo iliyonifikisha chuoni na hapa nilipo. Wewe ulisema labda udongo wako ulikuwa na mchanga, labda mkono wako hauwezi vikubwa. Miaka saba sasa hujafinyanga kikubwa hata kimoja, nami nimenyamaza. Naona aibu sana.

Jana nilimweleza Mwalimu yote. Akasema chuoni niandike mwenyewe, niwaambie ukweli. Nimeandika. Kama nitabaki na kazi, sijui. Nukta nimeirudisha kushoto, na sasa ina jina lako.

Msamaha sitauomba kwa barua. Nitakuja Jumamosi; kama hutaki kuniona, nipigie, nitaelewa. Mpe mama salamu zangu, ila usimsomee haya kabla sijafika. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunivumilia hadi mstari huu.

Udongo wako haukuwa na mchanga, dada. Mkono wako haukuwa na kosa lolote.

Mdogo wako,
Tusajigwe