Joho Lililoshonwa kwa Bandi

Jumatatu, 3 Machi

Kwako kitinda mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Mikono inaendeleaje na ile sabuni kali? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisema kila nikikanyaga cherehani. Nalipaka mafuta, tunasikilizana. Ningekupigia simu, lakini kuta za humu ndani ni nyembamba, nikisema "halo" mpangaji wa chumba cha pili anaitikia. Na haya ya leo ni ya karatasi.

Huku mtaani wote wanakusalimia. Nimewaambia hospitali uliyopo haiwezi kulaza mgonjwa hata mmoja bila wewe. Si uongo. Shuka usipozifua watalazwa juu ya nini?

Sasa kaa chini. Juzi asubuhi nani kaingia dukani kwangu? Bi Nota! Mwalimu wa kwaya mwenyewe, na ule mwendo wake wa kuhesabu hatua kama anaongoza wimbo. Kanisa jipya linazinduliwa tarehe sita mwezi ujao, askofu anakuja, na kwaya inataka majoho ishirini na manne. Fundi yule mwingine kaugua macho. Ikabidi aje kwa mama yako.

Mwanangu, nilimpa kiti, nikampa maji, nikampima kifua na kiuno, na moyoni nachemka. Miaka mitatu sijasahau hata nukta. Daftari lake la nyimbo linapotea siku mbili baada ya kukunyima kuimbisha ule wimbo mkubwa, basi mwizi ni wewe! Akakusimamisha mbele ya kwaya nzima. "Fungua mfuko wako." Akamwaga vitu vyako juu ya benchi, kitana, leso, mpaka vitu vya kike, wanaume wa besi wakitazama. Daftari halikuwemo. Mimi nikaweka mkono juu ya Biblia mbele ya mchungaji nikaapa kwamba mwanangu hajaligusa. Bado akakutoa kwenye kwaya, na mwezi uleule ukanihama.

Sasa sikia. Wewe ni mtoto wa fundi, bandi unaijua: ule mshono mrefu wa mkono wa kushikiza kitambaa kabla ya mashine kupita, ukivuta uzi mmoja umetoka wote. Majoho ishirini na matatu nitayapiga mashine mara mbili, hata wajukuu wao watayavaa. La kwake litakuwa bandi tupu, kuanzia kwapa mpaka pindo. Akiinua mikono mbele ya askofu, basi.

Mungu ni mwema. Kaniletea adui yangu mpaka chini ya sindano.

Mimi mama yako mzazi, ambaye hajalala juu ya jambo lako.


Jumatano, 12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi u mzima, pole na goti. Usikanyage cherehani siku nzima, pumzika hata saa moja. Mikono yangu imepona, wametupa glavu.

Mama, usiwaambie watu kwamba mimi ni mkubwa hapa. Nafua shuka. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, napakia mashine nne, nakunja, napeleka wodini. Chumba changu kina kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia gauni. Ninayo mawili, moja la kazi na moja la ibada, na nimegundua yananitosha. Tunakutana akina mama sita kusali kwenye chumba cha kupigia pasi kabla ya zamu. Hatuna kipaza sauti. Mmoja wao ana neno lake analipenda: anasema mtu mwenye mioyo miwili hachoki kwa kazi, anachoka kwa kuhama kutoka moyo huu kwenda ule. Nimelifikiria sana hilo, Mama, kwa sababu mimi nimechoka.

Nakuomba, joho la mwalimu lipige mashine kama mengine. Si kwa ajili yake tu.

Kuna jambo nataka kukwambia. Kalamu inagoma. Nitakuandikia nikipata nguvu.

Ni mimi binti yako.


Alhamisi, 20 Machi

Kwako mtakatifu wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na goti halijambo, limekusikia likaona aibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimemsomea muuza mkaa mlangoni, ile sehemu ya kusali tu. Akasema, "Mama, huyu mtoto umemzaa au umeshushiwa?" Nikamwambia nimemzaa mwenyewe, saa tisa za uchungu, na nilitembea kwenda kujifungua kwa miguu yangu.

Wewe samehe, mwanangu. Imekupendeza. Ila kwenye nyumba moja watakatifu wawili watabanana, niachie mimi kazi hii.

Bi Nota alikuja kujaribisha juzi. Kasimama mbele ya kioo, mimi chini na pini mdomoni.

"Binti yako hajambo?" kaniuliza.

"Hajambo kabisa. Yuko hospitali."

"Anaumwa?"

"Anaiendesha."

Akajigeuza kidogo mbele ya kioo. Kisha akasema, "Alikuwa na sauti nzuri."

Alikuwa! Unasikia ulimi huo? Kama anazungumza juu ya maiti. Nilimchoma pini kwenye kiuno, kidogo tu, nikasema samahani, macho yangu yamezeeka.

Kazi imekamilika. Bandi nimeipiga fupi kidogo kwenye mabega ili asitambue akivaa, na ndefu ubavuni, kwa ule uzi mweupe mwembamba wa kukatika. Kwa nje huwezi kujua, hata mimi fundi naliangalia nasema, mama, una mkono! Nimesali pia. Nimesema, Bwana, lishikilie mpaka wimbo wa tatu, kwa sababu wa kwanza na wa pili watu wanakuwa bado wanatafuta viti.

Hilo jambo lako la kuniambia, kama ni mchumba, sema tu. Nishajitayarisha kumkataa.

Mama yako wa pekee.


Jumatatu, 31 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome peke yako, usimsomee mtu mlangoni.

Daftari nililichukua mimi.

Alinikatalia kuimbisha, akampa mwingine, na akasema mbele ya wenzangu kwamba sauti yangu inajipenda. Nilikuwa na hasira kama yako, Mama, hasira ya kupanga. Nilijua ataanza na mfuko wangu, kwa hiyo mfukoni sikuliweka. Nililiweka chini ya vitambaa vyako, kwenye kapu la vipande. Ulipokuwa unaapa kwa mchungaji, daftari lilikuwa nyumbani kwetu, umelikalia mara ngapi sijui.

Nilipoondoka nililibeba. Liko hapa chini ya godoro. Nyimbo sitini na mbili, kwa mkono wake, nyingine katunga mwenyewe. Nilidhani nitalichoma, sikuweza. Sasa kila asubuhi nasali na wale akina mama, wananiita dada mwaminifu, kisha narudi nalalia kitu cha wizi. Sitaki tena maisha ya vyumba viwili. Nataka niwe mtu mmoja, kanisani, kazini na kitandani.

Nitakuja kulirudisha. Nitasimama pale pale aliponisimamisha.

Tafadhali, kama joho halijachukuliwa, lishone upya. Hakukosea, Mama. Njia yake ilikuwa mbaya, lakini hakukosea mtu.

Nisamehe kwa kiapo chako.

Binti yako.


Jumatatu, 7 Aprili

Mwanangu weee!

Hujambo? Mimi sijambo kupita kiasi! Keti, shika kitu!

Bwana amejibu, ila hakufika wimbo wa tatu, kaliachia kwenye wa pili. Kanisa limejaa mpaka dirishani, askofu mbele na kofia yake. Bi Nota kainua mkono wa kulia, nikasikia mwenyewe: trrrr. Hakuna sauti tamu kama hiyo duniani. Kainua wa kushoto kuwaita soprano, mkono wa joho ukashuka mpaka kwenye kiganja kama soksi. Ubavu wote ukafunguka. Gagulo nje! Na gagulo lenyewe limewekwa kiraka cha kitambaa cha pazia, mwanangu, maua makubwa ya njano, mbele ya askofu!

Watu wakacheka. Besi wakashindwa kuimba. Mimi nikauma leso mpaka leo nina nyuzi kwenye meno.

Hakuacha kuongoza, hilo lazima niseme, kaongoza kwa mkono mmoja, mwingine kashika ubavu, mpaka ubeti wa mwisho. Kisha nikakimbia mimi, fundi mwema, na pini zangu! Nikambana joho kwenye chumba cha mchungaji, watu wakisema angalia moyo wa yule mama. Akanishukuru. "Asante sana, mama." Mikono yake ilikuwa baridi.

Kile kiraka kilishonwa vizuri, kwa mkono. Sijui kwa nini nakwambia hilo.

Leo nimeamka nimeshiba bila kula. Kesho nitakula. Andika haraka, nataka kusikia unacheka.

Mama yako mshindi.


Ijumaa, 11 Aprili

Wewe,

Barua yako imefika jana.

Sikuulizi hali. Choma hilo daftari. Leo hii, usingoje kesho. Hapo hospitali kuna tanuri la takataka, usiniambie halipo.

Miaka mitatu nimepita mtaa huu shingo juu. Nimegombana na watu wanne kwa ajili yako, mmoja nilimmwagia maji. Nimeapa kwa mkono huu ninaoandikia. Na wewe ulikuwa umesimama kando yangu, kichwa umeinamisha, mimi nasema angalieni mtoto wangu anavyoumia! Kapu la vipande! Kapu langu!

Unataka kuwa mtu mmoja? Kuwa mmoja huko huko. Ukija kusimama mbele ya kanisa kutangaza, unamvua nani nguo? Si yule Bi Nota, yeye nimeshamvua. Unanivua mimi. Ukifanya hivyo usipite mlangoni kwangu, na jina la mama ulitafutie mtu mwingine.

Mimi niliyekuzaa.


Alhamisi, 17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini unakula.

Sikucheka, Mama. Barua yako ya ushindi niliisoma chumba cha pasi, nikaona mimi nimekaa pale kwenye benchi la soprano miaka mitatu iliyopita, nikimtazama akitafuta daftari lake chini ya viti, na mimi nimeshiba hivyo hivyo bila kula. Ilinichukua siku moja kujua kwamba ile haikuwa shibe.

Daftari sijalichoma. Nitafika Jumamosi tarehe kumi Mei, na Jumapili nitasimama. La joho sitalisema. Hilo ni lako, mimi nina langu.

Kama mlango utakuwa umefungwa nitalala kwa mchungaji. Nitakuita mama hata hivyo, kwa sababu sijui jina lako lingine.

Binti yako.


Jumatano, 30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Umeona nimenyamaza. Nilikuwa nakununia, na kununa kwangu unakujua, hakufanywi nusu.

Nilitaka nikae hivyo mpaka mwezi wa sita. Tatizo ni kanisa. Jumapili iliyopita watu wamenipigia makofi, kweli makofi, mchungaji kasema tuige mfano wa mama aliyemsitiri mwenzake kwa pini. Nikasimama nikapunga mkono. Sauti yako nikaisikia wazi kama uko nyuma yangu: hilo ni lako. Nikakaa. Mwanangu, mimi napenda sana kusifiwa, unajua, lakini hizo sifa zilikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine.

Jana mchana nikaenda kwake. Anakaa chumba kimoja, sikuwahi kuingia. Yuko mezani anaandika nyimbo. Kwa kichwa! Miaka mitatu anazirudisha moja moja, anaimba kimoyomoyo anaandika, na amebakiza kumi na moja ambazo zimekataa kurudi. Mimi nikasimama mlangoni.

"Joho nililiharibu makusudi," nikasema. Hata hodi sikupiga vizuri.

"Nilijua," akasema, bila kuacha kalamu.

"Ulijua nini?"

"Mimi si fundi, mama, lakini mashine haiachi matundu makubwa hivyo."

"Mbona ukanishukuru?"

"Watu walikuwa wanasikiliza."

Nikamwomba anisamehe. Mimi! Kwa mdomo huu! Nilidhani atalia, tukumbatiane, nije nikwambie nilivyotubu vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaa huu. Akafunga kalamu akanitazama.

"Sijafika huko," akasema. "Nikifika nitakuambia. Kunywa maji uende."

Nikanywa maji. Nikaenda. Njia nzima nasema peke yangu, kumbe mwanamke ana roho ngumu hivi, mtu katubu bado anamwekea foleni! Mpaka nilipofika kwenye kona ndipo nikasimama, nikajiuliza mimi nimemwekea foleni ya miaka mingapi, tena kwa kosa ambalo hakulifanya.

La kwako sikumwambia. Ni lako. Ila nimekwenda kwa mchungaji nikamwambia kiapo changu kilikuwa na uongo ndani, nilioubeba bila kujua, na kwamba makofi ya Jumapili ayachukue. Nimewarudia na wale wanne. Yule wa maji amenikubali, wawili wananitazama upande, mmoja kanifungia mlango usoni, nikaona haya, alivyonifanyia ndivyo nilivyotaka kukufanyia.

Usidhani nimekuwa kama wewe. Bado kuna kipande changu kinacheka nikikumbuka yale maua ya njano. Kila asubuhi nakipeleka kwa Bwana, saa nne kimesharudi. Nakipeleka tena.

Jumamosi hiyo ya tarehe kumi usishukie kituo cha nyuma. Shukia kile cha sokoni, mchana, watu wakiwepo. Mama yako atakuwa amesimama hapo. Tutapita barabara kubwa, tukikata mbele ya duka langu, mbele ya muuza mkaa, mpaka nyumbani, na daftari ulishike mkononi, si kwenye mfuko. Wakiniuliza huyu ni nani, nitasema ni mwanangu, anafua shuka, na amekuja kurudisha alichochukua.

Watatutazama. Waache watutazame.

Mama yako.